Shingo Inapolegea Siku ya Tatu

Aliyekunywa dawa ya wadudu, au aliyemwagikiwa nayo mwilini, hutisha kumtazama: mate yanamtoka, jasho linamvuja, mboni za macho zimesinyaa, kifua kinakoroma. Akiwahishwa hospitali akachomwa atropini, huenda kesho yake akaketi kitandani na kuomba uji. Ndugu huanza kuulizia ruhusa. Wasiharakishe.

Dawa nyingi za shambani, klopirifosi ikiwemo, ni za jamii ya oganofosfati. Huvuruga mawasiliano kati ya neva na misuli. Atropini hukausha mate na kuinua mapigo ya moyo, lakini udhaifu wa misuli haiuondoi. Ndiyo maana kati ya saa 24 na 96 tangu sumu iingie, mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu anaweza kulegea upya, na shingo mara nyingi ndiyo hutangulia. Akiwa amelala chali, mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, au kope zikimwangukia, au akipumua juujuu, mwite muuguzi papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Misuli ya kupumulia nayo inaweza kuchoka, na hapo kinachookoa ni mashine ya kupumulia. Wengi wanaosaidiwa kwa wakati hurudiwa na nguvu baada ya siku au wiki kadhaa.

Shida nyingine humkuta mtu nyumbani, wiki moja hadi tatu baadaye, pengine zaidi. Mashavu ya miguu yanauma, nyayo zinakufa ganzi, kisha mguu unaburuzika na ndala inavuka yenyewe. Si kila dawa ya jamii hii huleta hali hiyo. Mjini Meknes, Moroko, mwaka 1959, watu wapatao 10,000 walidhurika, wengi wakipooza, kwa kula mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na vilainishi vya injini za ndege vyenye kemikali ya jamii hiyo. Dawa ya kuirudisha neva haipo. Mazoezi ya viungo husaidia, na yaanze mapema. Kusingizia uchawi hupoteza wiki za thamani.

Siku ya kwanza, msimtapishe wala kumnywesha maziwa. Mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni mkiwa na glavu, na mbebe chupa yenye lebo. Kama alikunywa kwa makusudi, mwambieni daktari bila kuficha, na mgonjwa asikaripiwe. Wakati wa kuruhusiwa, ombeni jina la sumu liandikwe kwenye karatasi yake, na mrudi naye miguu ikianza kuuma.