Kusafisha Jiko la Gesi Bila Kemikali Kali

Jiko la chuma kisichoshika kutu halilindwi na rangi. Chuma hicho huwa na madini ya kromiamu, yasiyopungua takriban asilimia 10.5, ambayo yakikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaozuia kutu. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe huuharibu, nao waya wa kusugulia masufuria huukwaruza na kuacha chembe zinazoota kutu.

Njia iliyo salama ni hii:

1. Mtungi ufungwe na jiko liachwe lipoe.
2. Uso wa jiko uoshwe kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na kitambaa laini.
3. Mafuta yaliyogandamana yapakwe ujiuji wa bikaboneti ya soda na maji. Baada ya dakika 15, yasuguliwe taratibu kwa kufuata mistari ya chuma.
4. Madoa meupe ya maji yafutwe kwa siki, kisha pasuuzwe.
5. Matundu ya vichomeo yazibuliwe kwa brashi, navyo vikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa.

Moto wa bluu ni dalili ya gesi kuungua vizuri. Moto wa njano wenye masizi huweza kutoa hewa ya sumu. Jiko la namna hiyo lisitumike kabla ya kukaguliwa na fundi.

Tahadhari: siki au ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayodhuru mapafu, na hatari huzidi katika chumba kisichopitisha hewa.