Upumuaji: Moshi wa Nyika na Mapafu ya Mzee

Swali: Ni Septemba, Karatu. Nyasi zimekauka, moto umeshika nyikani upande wa Ngorongoro na moshi umetanda tangu asubuhi. Wewe unakohoa kidogo na kuendelea na daftari lako. Bibi yako anashindwa kumaliza sentensi bila kutua kuvuta pumzi. Eleza tofauti hiyo. (Alama 10)

Wengi huandika "moshi huziba mapafu" na kuishia hapo. Jibu hilo halitoshi. Anza na ukubwa wa chembe.

Chembe za moshi zenye madhara zaidi zina kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, unywele una takribani mikromita 70. Chembe kubwa hunaswa na ute puani na kwenye koo la hewa, kisha silia husukuma ute huo juu ukatemwa au kumezwa. Hizi ndogo hupita hadi kwenye alveoli, vile vifuko vya hewa ambamo oksijeni huingia katika damu. Kuta zake huvimba, na oksijeni hupenya kwa shida.

Sasa ongeza umri. (Alama nyingi hupotea hapa, usiruke.) Silia za mzee husukuma polepole, kikohozi chake hakina nguvu, alveoli zimepungua unyumbufu na misuli ya mbavu imedhoofu. Kama bibi amepikia kuni kwenye mafiga ndani ya nyumba kwa miaka 40, mapafu yake yalikwisha kuumia kabla moto wa nyika haujawaka. Moyo nao huenda mbio kufidia oksijeni iliyopungua, na moyo wa mzee hauna akiba kubwa.

Taja pia mwinuko. Ukingo wa kreta uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi huko ina oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko Tanga. Kwa aliye karibu na moto, kabonimonoksaidi huzidisha tatizo, maana hushikana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Nje ya mtihani: midomo ya mzee ikigeuka rangi ya bluu, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya.

Jipime: Babu amejifunga kitambaa kibichi puani, anaendelea kuchunga ndani ya moshi. Kwa kutumia ukubwa wa chembe, eleza kwa nini kitambaa hicho hakimkingi vya kutosha. (Alama 4)