Sokoni Nakivale na Watoto Wadogo: Mafunzo Niliyopata

Shangazi yangu anaishi upande wa Ngarama, wilayani Isingiro, Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tukija kumsalimia kutoka Norway, wanangu wawili huandamana nami sokoni. Mkubwa ana miaka sita, mdogo mitatu.

1. Salamu hutangulia bei. Wauzaji ni Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, na Wanyankole wanaoleta matoke yao. Wengi hukutana katika Kiswahili. Mtoto akisema "Jambo, mama" kabla hajagusa kitu, hupewa nafasi ya kukaa kivulini, na mimi hupata utulivu wa kuchagua maharage.

2. Mtoto apewe kazi. Mkubwa hushika noti ya shilingi elfu moja na kununua nyanya mwenyewe. Huchagua fungu, hungoja chenji, kisha husimama kidogo, kwa sababu ameshajua kwamba matabishi yanakuja: nyanya moja au mbili juu ya fungu. Mdogo hubeba vitunguu. Mwenye kazi hapotei ovyo. Hata hivyo, tukifika tu mimi huwaonyesha duka moja la kukutania.

3. Twende asubuhi. Kufika saa tano jua limeshakuwa kali na vumbi la pikipiki limetanda. Mdogo akichoka, mimi humbeba mgongoni kwa kitenge.

4. Wale kinachomenywa au kinachotoka motoni: ndizi, parachichi, chapati, sambusa. Mwezi wa Novemba, mjini Mbarara, mimi huwaonjesha nsenene, aina ya panzi, waliokaangwa. Sitaki wakue wakikunja uso mbele ya chakula cha watu.

5. Nisiwafundishe kubana wanyonge. Hili ndilo lililo moyoni mwangu. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Lakini Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limepunguza mgao mara kadhaa, na mwaka 2025 familia nyingi nchini ziliondolewa kabisa katika mgao huo. Kwa hiyo fungu la sombe, yaani kisamvu, juu ya turubai linaweza kuwa chakula cha jioni cha nyumba nzima. Kuomba bei ni desturi, nami huomba, ila mara moja tu. Mama akisema imefika mwisho, nalipa au naaga vizuri. Watoto wananitazama.

6. Simu ibaki mkobani. Wengine hapa walikimbia watu wanaoweza kuwa bado wanawatafuta, na picha ya uso ikisambaa haiwezi kurudishwa. Mkubwa nimempa daftari na penseli. Huchora mizani, samaki wakavu na magunia, na wauzaji humwita aje achore meza zao pia. Kwa kila meza tunakaa muda mrefu, kwa hiyo sasa natenga asubuhi nzima.