TTL si Muda: Kosa Lililonifunza

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Mimi niliuingia usiku huo mchana kweupe, ndani ya maabara yetu ya tarakilishi, tena nikamwingiza mwenzangu asiye na hatia. Hebu nisikize, yasije yakakupata nawe.

Muhula uliopita nilikuwa kiranja wa maabara. Jumatatu moja nilijaribu mtandao wetu kwa amri ya ping. Amri hii hupeleka pakiti ndogo kwa tarakilishi nyingine na kungoja jibu. Ilitungwa na Mike Muuss wa Marekani mwaka wa 1983. Tarakilishi namba 4 ilijibu hivi: muda chini ya milisekunde 1, TTL=128. Namba 7 nayo: muda chini ya milisekunde 1, TTL=64.

Lo! Nilikuwa nimesikia kwamba TTL ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "muda wa kuishi". Basi nikakata shauri kuwa namba 7 imebakiwa na nusu ya uhai wake. Aliyeitumia mwisho ni mvulana wa Kidato cha Pili.

"Ni wewe umeiharibu," nikamwambia.

"Kaka, mimi nilikuwa nachapa insha tu. Sikugusa kitu kingine."

Wapi! Niliandika jina lake, akazuiwa kuingia maabara wiki nzima. Insha yake ya mashindano ilibaki humo bila kumalizika, na siku ya kuipeleka ikapita.

Mwalimu wetu wa tarakilishi aliporudi kutoka semina, nilimwonyesha ushahidi wangu. Alitazama, akanyamaza kidogo. "Namba 7 niliiwekea Linux wakati wa likizo," akasema. "Namba 4 ina Windows. Hakuna kilichoharibika. Keti nikufunze."

Somo lenyewe ni hili. TTL ni nambari inayobebwa na kila pakiti. Chukulia mjumbe aliyetiwa punje 64 za mahindi mfukoni. Kila akifika langoni, bawabu huchukua punje moja kabla ya kumpitisha. Malango hayo ni ruta, yaani mashine zinazopitisha pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Punje zikiisha kabla hajafika aendako, safari imekwisha: pakiti hutupwa, na kwa kawaida ruta hiyo humpasha mtumaji habari.

Mbona ukatili huu? Ni kwa sababu ruta nazo huweza kukosea njia. Ya kwanza inasema, "Pitia kwa jirani," na jirani anasema, "Rudi kwa yule." Bila TTL, pakiti ingezunguka hapo milele, na zikiwa nyingi njia ingezibwa.

Jina limetoka wapi basi? Kanuni za mwaka wa 1981 zilipima TTL kwa sekunde, lakini ziliagiza kila kituo kipunguze angalau 1, hata kikitumia muda mfupi kuliko sekunde. Ruta hupitisha pakiti upesi mno, kwa hivyo kilichobaki ni kuhesabu ruta tu. Katika utaratibu mpya wa IPv6, jina lenyewe lilibadilishwa likawa kikomo cha miruko. Nafasi ya TTL ni biti 8, kwa hivyo haizidi 255.

Nambari ya kuanzia huwekwa na mfumo wa mashine inayotuma. Kwa kawaida Linux huanza na 64, Windows 128, na ruta nyingi 255. Sasa shika neno hili: TTL unayoiona kwenye ping ni ya jibu, yaani punje zilizobaki kwa mjumbe anayerudi. Namba 4 na namba 7 zimo katika mtandao mmoja na mashine niliyoitumia, hakuna ruta katikati. Majibu yao yalifika na punje zote. Kumbe zote mbili zilikuwa nzima!

Ukitaka kukadiria idadi ya ruta, tafuta nambari ya kuanzia iliyo juu ya jibu na karibu nalo, kisha utoe. TTL=52 ni 64 kutoa 52, yaani ruta 12. Haya ni makadirio, kwani mwenye mashine anaweza kubadilisha nambari ya kuanzia. Tena njia ya kurudi si lazima iwe ile ya kwenda. Ukitaka kujua upesi wa jibu, tazama milisekunde, usitazame TTL.

Zoezi: jibu lenye TTL=117 limepita ruta ngapi? Na lenye TTL=243? (Majibu: 128 kutoa 117 ni 11, 255 kutoa 243 ni 12.)

Jioni ile nilimwendea yule mvulana bwenini, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, na jina lake likafutwa. Alinipa mkono. Lakini insha yake haikusomwa na waamuzi, na hilo sikuweza kulirekebisha.

"Siku nyingine, kaka," aliniambia, "uliza kwanza."

Nami nakuachia neno hilo, msomaji. Kwaheri ya kuonana.