Somo: Njia ya hewa ndani ya ordinatere

Wandugu wanafunzi, juma lililopita ordinatere yetu ilizimika mara tatu. Sisi wa darasa la sita tulimlaumu ndugu mmoja wa darasa la nne kwamba ameiharibu. Tulipofungua kisanduku, tulikuta mavumbi mekundu ya Mbunya yamejaa katika feni, na nyaya zimefungamana mbele yake.

Jueni hivi: feni ya mbele inavuta hewa baridi, ya nyuma inatoa hewa ya moto. Njia ikizibwa, mashini inajizima isiungue.

Basi, kwanza izimeni, chomoeni waya wa umeme. Shikeni feni kwa kidole isizunguke, mpanguse mavumbi kwa burashi kavu. Nyaya zifungeni kwa kamba, kando ya ukuta wa kisanduku.

Tangu siku ile haijazimika tena. Na yule ndugu, tumemwomba radhi mbele ya darasa lake.