Nahodha, Hesabu Nyundo Kwanza

Mechi ya kalingi ya kimataifa ikibana, raundi mbili tatu zimebaki na matokeo yako sare, usikimbilie pointi. Hesabu nyundo, yaani jiwe la mwisho la raundi. Anayefunga huikabidhi nyundo kwa mpinzani raundi inayofuata. Pointi moja inaweza kukugharimu.

Una nyundo na unaona moja tu? Pitisha jiwe lako nje, miduara ya shabaha ibaki tupu. Hakuna aliyefunga, nyundo bado ni yako. Subiri mbili.

Huna nyundo? Mbane achukue moja. Fainali ya wanaume ya Olimpiki, Beijing 2022: Niklas Edin wa Uswidi anaongoza 4-3, raundi ya kumi, nyundo ni ya Bruce Mouat wa Uingereza. Waingereza wakapata moja tu. Sare, lakini nyundo ya raundi ya ziada ikawa ya Edin. Uswidi 5, Uingereza 4.

Sasa barafu, na hapa usiwe na haraka. Juu yake hunyunyizwa matone ya maji yanayoganda yakawa vipele, na vipele husagika kadiri mawe yanavyopita. Njia uliyoiamini raundi ya pili huenda imeshabadilika kufikia ya nane. Kwa hiyo tazama na mawe ya mpinzani: yameanza kupinda wapi, yamesimama wapi? Hayo ni majaribio ya bure.

Kabla hujaonyesha shabaha kwa brashi, jiulize jiwe likikosea kidogo litaangukia wapi. Likizidi kasi, je, litamsaidia mpinzani? Mimi ningechagua pigo la kawaida ambalo kosa lake linavumilika, hata kama lipo la kupendeza zaidi.

Jiwe lina karibu kilo 19. Likishaachiwa, limebaki na brashi na sauti yako. Wafagiaji wanapima kasi, wewe pima mwelekeo, na upige kelele mapema. Ukingoja hadi lipinde, umechelewa.

Mechi ya raundi kumi ina dakika 38 za kufikiri kwa kila timu. Raundi za mwanzo amua upesi, uweke akiba.

Zamu yako ya jiwe la mwisho ikifika, naibu wako ndiye anayeshika brashi kule mbele. Kubalianeni kasi kwa maneno machache, kisha lenga pale alipoiweka brashi. Usibadili nia ukiwa umeshaanza kuteleza.