Laptopu nzito? Jaribu chaja nyingine kwanza

Wauzaji wenzangu, oda zinaingia, laptopu inaganda. Usikimbilie kununua nyingine. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, bofya CPU, soma palipoandikwa Speed. Kama Base speed ni 2.4 GHz na Speed imeng'ang'ania 0.8 hata ukiwa na kazi nyingi, prosesa imebanwa. Mara nyingi ni joto: vumbi kwenye feni, au unaitumia juu ya godoro (acheni hiyo!). Ila wenye Dell, sikieni: isipoitambua chaja, inaweza kupunguza kasi ya prosesa na kugoma kuchaji. Chaja za bei chee ndio zao. Azima orijino, izime uiwashe, soma Speed tena. Ikipanda, nunua chaja tu. Speed ipo sawa lakini Disk imeganda 100%? Hapo prosesa haihusiki, fundi akuwekee SSD.